Wanandoa mnaotaka baiskeli ya kuegemea, anzeni na mlima

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumze na wanandoa wanaofikiria kununua baiskeli ya kuegemea ya watu wawili, ile ambayo mtu hukaa kama yuko kwenye kiti cha uvivu, mgongo umeegemea, miguu iko mbele, na pedali ziko karibu usawa wa tumbo. Picha zake kwenye simu zinavutia. Mume na mke wanateleza kando ya mfereji huko Uholanzi, hakuna aliyepinda mgongo, hakuna anayelalamikia makalio. Ila nchi ile ni tambarare kama sinia, na anayezitazama yuko Gangilonga mjini Iringa, Uyole jijini Mbeya au Njombe mjini, ambako kutoka nyumbani kwenda sokoni ni kushuka na kurudi ni kupanda.

Wengi huanza kuuliza habari za kiti. Sisi tungependa waanze na gia ndogo kabisa, na hesabu yake ni hii. Dereva kilo 70, mwenzake kilo 60, baiskeli yenyewe kilo 25, mizigo kilo 15: jumla kilo 170. Chukua mlima unaopanda mita 8 kwa kila mita 100, ambao kwa vipimo vya kwetu hata jina haupewi. Ukifunga gia za kawaida za dukani, spoketi ya mbele ya meno 48 na ya nyuma iliyo kubwa kuliko zote ya meno 28, kwenye gurudumu la inchi 26, mzunguko mmoja wa pedali unasogeza baiskeli mita 3.5 hivi. Mkizungusha mara 60 kwa dakika mtakuwa kwenye kilomita karibu 13 kwa saa, na mlima huo utawadai zaidi ya wati 500. Watu wawili wenye afya ambao si wanariadha, mkijikaza, mnatoa wati 200 hadi 250 kwa pamoja kwa muda mrefu. Haiwezekani, na hakuna mazoezi ya mwezi mmoja yatakayoiwezesha.

Kwenye baiskeli ya kawaida mtu angesimama juu ya pedali akakandamiza kwa uzito wa mwili. Kwenye ya kuegemea husimami. Una mapaja yako, na una kiti kilichokuzuia nyuma ya kiuno. Ndiyo maana anayelazimisha gia kubwa akiwa ameegemea huumia magoti: mwili hauna pa kurudi nyuma, nguvu yote inaishia gotini. Tafuteni spoketi ya mbele yenye meno 24 hadi 30, na seti ya nyuma inayofika meno 34 au 36. Kwa meno 24 mbele na 36 nyuma, mzunguko mmoja unasogeza mita 1.4, kwa mizunguko 60 mnakwenda kilomita 5 kwa saa, na mlima ule ule sasa unadai wati 200 na ushee, yaani 100 kwa kila mmoja. Hapo mnapanda huku mnaongea.

Lakini kilomita 5 kwa saa ni mwendo wa mtembea kwa miguu, na hapo ndipo baiskeli ndefu ya magurudumu mawili inapoanza kuyumba. Mtu aliyeketi wima husawazisha kwa kutikisa kiuno na mabega. Aliyeegemea amebanwa na kiti, anabaki na usukani peke yake. Baiskeli ya kuegemea ya watu wawili, chini ya kilomita 6 au 7 kwa saa, huhitaji dereva mzoefu na mwenzake aliyetulia kama gunia la mahindi. Kwa hiyo unaweza kufungiwa gia ndogo nzuri kabisa usiweze kuitumia, kwa sababu mwendo wake ni mdogo kuliko mwendo wa kubaki wima. Wauzaji hawalisemi hili, na kwa nyanda zetu ndilo linaloamua umbo la kununua.

Maumbo yako matatu yanayostahili kuzungumziwa. (Lipo la nne, la watu kupeana migongo na mmoja kusafiri kinyumenyume, tunaliacha, anayetaka kutazama alikotoka siku nzima atalitafuta mwenyewe.)

La kwanza ni la wote wawili kuegemea, mmoja nyuma ya mwingine, magurudumu mawili. RANS Screamer ya Marekani ni ya aina hiyo, na Azub Twin ya Jamhuri ya Cheki. Hizi ndizo za kasi. Upepo ndio mzigo mkubwa wa mwendesha baiskeli kwenye tambarare, na mwili uliolala unaukata vizuri. Tarehe 7 Julai 1933, Mfaransa Francis Faure, ambaye hakuwa katika kundi la wakali wa wakati wake, alikwenda kilomita 45.055 kwa saa moja jijini Paris juu ya baiskeli ya kuegemea iliyotengenezwa na Charles Mochet, akavunja rekodi iliyokuwapo. Kuanzia Aprili 1934 chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kikaziondoa kwenye mashindano yake, na mpaka leo hazijarudi. Mochet huyo huyo alikuwa akiuza vigari vya pedali vya magurudumu manne vya watu wawili kukaa bega kwa bega, kwa hiyo wazo la wanandoa kukanyaga wakiwa wameegemea si geni. Mwenye kuishi Igurusi, Chimala au Rujewa, ambako barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, inapita uwanda wa Usangu na upepo unamkabili mtu usoni, umbo hili litamfaa. Akitaka kwenda nalo Mbeya mjini, atakutana na Mlima Nyoka kabla ya Uyole, na hapo atashuka asukume. Kusukuma chombo cha mita tatu chenye pedali zilizotangulia gurudumu la mbele si mchezo.

La pili ni la magurudumu matatu. Fikiria guta iliyogeuzwa: magurudumu mawili mbele, moja nyuma, viti viwili vya chini katikati. Greenspeed ya Australia na TerraTrike ya Marekani wametengeneza za watu wawili. Hapa mlima haukuangushi. Unaweza kwenda kilomita 3 kwa saa, unaweza kusimama katikati ya mteremko ukanywa maji, ilimradi ina breki ya kuegesha, kwa maana bila hiyo inarudi nyuma yenyewe. Hasara zake ni upana, kimo na njia zake tatu. Upana wake ni sentimita 80 hadi 90, kwa hiyo pimeni mlango na korido kabla ya kulipa. Kimo ni cha kiti cha chini kiasi kwamba kichwa cha mtu kiko usawa wa tairi la lori, na kwenye barabara ya Tunduma mnajua malori yalivyo. Na njia tatu maana yake kila shimo unaloliepusha gurudumu la kushoto linaangukia la kulia au la nyuma. Kwenye barabara za vumbi za Makete na Ludewa, zile zenye mifereji miwili ya magari na kinundu cha majani katikati, gurudumu moja la mbele linaingia mfereji, jingine linapanda kinundu, na la nyuma ndilo linalosukuma. Kwenye changarawe iliyolegea na mlima mkali linateleza, kwa sababu sehemu ya uzito imebebwa na yale mawili ya mbele.

Umbo la tatu ndilo tunalolipendekeza kwa sehemu kubwa ya Mbeya, Iringa na Njombe. Mmoja anaegemea mbele, miguu yake imetangulia juu ya gurudumu la mbele. Mwingine ameketi wima nyuma yake, kama kwenye baiskeli ya kawaida, na huyo wa nyuma ndiye anayeshika usukani. Hase Pino ya Ujerumani ni ya namna hii, na Viewpoint ya Bilenky ya Marekani. Dereva yuko juu, anaona na anaonekana, anaweza kusawazisha kwa kiuno kwenye mwendo mdogo. Vichwa viko karibu, mnazungumza bila kupiga kelele. Urefu unazidi baiskeli ya kawaida kidogo tu, na Pino hufunguka vipande viwili. Kwenye Pino aliye mbele anaweza kupumzisha miguu: pedali zake zinaweza kusimama wakati za dereva zinazunguka. Kwa mwenza mwenye goti bovu, au asiyeona, au anayechoka upesi, hilo peke yake linatosha kuwa sababu. Ubaya wake ni kwamba kwenye tambarare si ya kasi kama ya kwanza, kwa kuwa dereva anapigwa na upepo kifuani, na aliye mbele ndiye anayepokea mvua, vumbi na mbu kwanza. Mpeni miwani.

Kuhusu nani awe dereva, katika maumbo mawili ya kwanza kawaida ni yule mzito zaidi na mwenye mikono iliyotulia, awe mume au mke. Wa pili, Waingereza humwita kwa jina la yule mtu aliyekuwa akitupia makaa kwenye tanuri la treni ya moshi, nasi tunaona fayamani ni jina zuri kwake. Fayamani hana usukani wala, mara nyingi, breki. Kazi yake ni kukanyaga, kutulia, kutazama nyuma kwa kioo, na kuamini. Wanandoa ambao mmoja hawezi kukaa ndani ya gari bila kumwelekeza dereva wafikirie mara mbili.

Vipimo vya mwili havikisiwi. Kila mmoja akae sakafuni, makalio na mgongo vimegusa ukuta, mguu umenyooka, bila viatu. Mwenzake apime kutoka ukutani hadi kwenye wayo. Andikeni namba mbili hizo, ndizo atakazozitaka muuzaji, si urefu wenu mkiwa mmesimama, maana wapo warefu wa kiwiliwili na wafupi wa miguu. Kiti kinakuwa sawa pale ambapo kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo mbali zaidi, goti limenyooka bila kukazwa. Ukihamishia sehemu ya mbele ya wayo, goti linabaki na mkunjo kidogo. Mguu ukinyooka kabisa kiuno kinayumba, ukikunjika mno goti linauma mbele.

Angalieni pia jinsi nafasi hiyo inavyorekebishwa. Kwenye baiskeli nyingine kiti ndicho kinachoteleza mbele na nyuma, na mnyororo hauguswi. Kwenye nyingine bomba linalobeba pedali ndilo linalotolewa au kuingizwa, na hapo kila sentimita moja ya bomba inadai sentimita mbili za mnyororo, kwa kuwa mnyororo unakwenda na kurudi. Pingili moja ni milimita 12.7. Ukisogeza bomba inchi moja, unaongeza pingili 4. Baiskeli mtakayoazimana na mtoto au mgeni iwe ya kiti kinachoteleza.

Urefu wa krenki, yaani mkono unaobeba pedali, nao una neno lake. Za kawaida ni milimita 170. Kwenye ya kuegemea za 150 hadi 165 zinazungushwa kwa urahisi zaidi, na mwenye miguu mifupi apewe fupi hata kama mwenzake ana ndefu. Pedali za wote wawili zikiwa zimefungwa na mnyororo mmoja wa kuunganisha, mtazunguka kwa kasi moja mtake msitake. Ikiwa mmoja anapenda mizunguko 60 na mwingine 85, ugomvi uko njiani. Friwili, kama ile ya da Vinci Designs ya Marekani au ya aliye mbele kwenye Pino, inamwezesha mmoja kupumzisha miguu, si wote wawili kusukuma kwa kasi tofauti. Dawa ni kukubaliana kwenye 70 hadi 75 baada ya wiki kadhaa za mazoezi. Mnyororo huo wa kuunganisha uwe na mchezo wa sentimita moja hadi moja na nusu katikati. Ukilegea zaidi unaruka meno na pedali zenu zinapishana. Ukikazwa kama uzi wa gitaa, beringi za krenki zinakwisha kabla ya mwaka.

Sasa breki, na hapa tunaomba wasomaji wasome polepole.

Kutoka Tukuyu hadi Kyela barabara inashuka kama mita 1,000. Kilo 170 zikishuka kimo hicho, nishati yake inatosha kupasha lita 5 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100. Sehemu inaliwa na upepo na matairi, iliyobaki inageuka joto kwenye breki. Breki ya mpira inayobana ringi hupeleka joto hilo kwenye ringi, ringi hulipeleka kwenye tyubu, upepo ndani unapanuka, na tairi linaweza kuchomoka kwenye kona. Gurudumu dogo la inchi 20 linaathirika zaidi, lina chuma kidogo cha kupokea joto. Na baiskeli ya kuegemea inakusanya kasi upesi kuliko ya kawaida, kwa sababu ule ule upepo uliokusaidia Usangu sasa haukuzuii. Mlima Kitonga, mteremko wa Mbalizi, au kutoka Iringa mjini kwenda Ipogolo, vyote vinataka breki za diski mbele na nyuma, diski ya milimita 203. Ya 160 ni ya mtu mmoja. Kwa wanaoishi Rungwe tungeongeza breki ya tatu, ya dramu nyuma, ya kushikilia mwendo tu. Baiskeli inayotegemea ringi peke yake isinunuliwe kwa ajili ya huku, hata ikipunguzwa bei kwa nusu.

Namna ya kushuka: usishikilie breki za diski mfululizo. Bana kwa nguvu hadi kilomita 15 kwa saa, achia kabisa upepo upooze diski, bana tena, ukipokezana mbele na nyuma. Kwenye ya magurudumu matatu, breki za mbele kushoto na kulia zina waya zake. Mmoja ukilegea kuliko mwingine, chombo kinavutwa upande mmoja ghafla. Zijaribuni kila asubuhi kwenye mwendo mdogo.

Waya au mafuta? Waya wa breki ya nyuma kwenye maumbo ambayo dereva yuko mbele unaweza kupita mita 3, na wa baiskeli ya kawaida wa mita 2 haufiki. Kava lake refu linabonyea kila unapobana, breki inakuwa laini kama ndizi mbivu. Breki za mafuta hazina tatizo hilo, ila ulizeni ni mafuta gani. Kuna zinazotumia mafuta ya breki ya gari, DOT, yanayopatikana kila duka la spea. Za Shimano zinatumia mafuta ya madini, na ukitia DOT humo mipira ya ndani inavimba na kuharibika. Fundi asiyejua hilo ataua breki mpya kwa chupa moja ya bei nafuu. Kwa anayeishi mbali na mji, breki ya diski ya waya yenye kava gumu bora lisilobonyea inatosha, mradi anaagiza waya za akiba. Waya wa klachi wa bodaboda ni mnene, usijaribu kuuingiza kwenye kava la gia.

Magurudumu yachaguliwe kwa kutazama kinachouzwa soko la Mwanjelwa, Mbeya, au soko kuu la Iringa, si kwa katalogi. Namba ya kweli ya tairi ni ile ya milimita iliyoandikwa ubavuni. Inchi 26 ya milimita 559 ipo kila mahali. Inchi 20 ya milimita 406 ndiyo ya baiskeli za watoto, ipo. Lakini ipo 20 nyingine ya milimita 451, nyembamba, ya mashindano. Hiyo tairi lake likipasuka mtasubiri mzigo kutoka nje. Vivyo hivyo 28 ya Phoenix na baiskeli za mizigo ni milimita 635, na 28 ya baiskeli za kisasa ni 622, hazivaani kabisa ingawa zimeandikwa namba moja. Tairi liwe na upana wa milimita 47 au zaidi. Gurudumu la nyuma liwe na spoki 36 kwa uchache, 40 ni bora. Habu ya nyuma iwe ya kaseti, yaani seti ya spoketi inayochomekwa, si ya friwili ya kuskrubu, kwa kuwa kwenye friwili beringi ya kulia iko ndani mno na ekseli inapinda kwa uzito wa watu wawili. Valvu ziwe za aina ya pikipiki, kila kijiwe cha bodaboda kina pampu yake. Na anayekwenda Usangu kiangazi asisahau mbigili: maji ya kuzibia ndani ya tyubu si anasa.

Mnyororo ni mrefu ajabu. Mmoja wa dukani una pingili 116, karibu mita moja na nusu. Baiskeli hizi hula kadhaa, kutegemea umbo. Habari njema ni kwamba kila pingili inapita kwenye meno mara chache, hivyo unadumu. Pima pingili 24: zikiwa mpya ni inchi 12 kamili. Zikizidi moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha wote. Zikizidi moja ya nane, spoketi nazo zimekwenda. Njiani unapita kwenye makapi, yaani vigurudumu vya kuuongoza, na mabomba ya plastiki. Kapi linalovutwa na upande wenye nguvu ndilo linalokufa kwanza kwa vumbi la Agosti. Likianza kulia, beringi yake ibadilishwe, isipakwe mafuta juu juu. Bomba likichakaa, kipande cha bomba laini la plastiki lenye uwazi wa milimita 10 hadi 12 kinafaa. Pasha ncha zote mbili, zipanue kama tarumbeta, la sivyo ukingo utaukwangua mnyororo na kelele hazitaisha.

Mabomba hayo yana faida nyingine kwa akina mama: kitenge hakipati mafuta. Ila miguu ikiwa imeinuliwa mbele, sketi au gauni havikai, upepo unayajaza. Suruali ndani, kitenge juu, kimefungwa magotini. Koti la mvua linalofungwa mbele hukusanya maji tumboni kama beseni, bora lile la kuvaa kwa kichwa. Rungwe, ambako mvua haina msimu wa kuaminika, chukueni kiti cha wavu. Cha sponji kinanyonya maji na hakikauki wiki nzima. Madigadi ya mbele ni lazima, tope la gurudumu la mbele linakwenda moja kwa moja usoni. Njombe na Makete, Juni na Julai, miguu iliyoinuliwa inakufa ganzi kwa baridi, na inakufa ganzi hata bila baridi ikiwa pedali ziko juu mno. Kwa wanaoanza, pedali zisizidi kiti kwa zaidi ya sentimita 15, na kiti kiinuliwe nyuzi 40 hadi 45, si kulala kabisa.

Vioo viwili, kushoto na kulia, kwa kuwa aliyeegemea hawezi kugeuka nyuma. Bendera ya rangi kali kwenye fimbo inayofika mita 1.8 kutoka chini. Taa nyekundu nyuma hata mchana, hasa asubuhi za ukungu.

Jaribio la kwanza lifanyike uwanja wa mpira, si barabarani. Dereva anasimama, breki zote zimebanwa, gia ndogo imeshawekwa. Fayamani anapanda, anaweka miguu yote miwili kwenye pedali na kuiacha hapo. Dereva anaweka mguu mmoja kwenye pedali iliyopita juu kidogo, anahesabu kwa sauti, wote wanasukuma mara moja. Kinachoharibu ni fayamani kuinua mguu akidhani baiskeli inaanguka. Ndipo inapoanguka kweli. Kabla ya kusimama, dereva aseme, na ashushe gia wakati pedali bado zinazunguka. Kisha jaribuni kugeuka kwenye upana wa mita 6. Ikishindikana, basi mjue kwenye barabara nyingi za mitaa mtashuka na kuibeba.

Wanaotaka kuchomelewa hapa hapa wajue bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, unene milimita 2, lina kilo 2.3 kwa mita, kwa hiyo fremu peke yake itafika kilo 9 au zaidi. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni bomba la maji lililopakwa zinki: moshi wake unaumiza mapafu ya fundi, na usipoikwangua zinki yote weldi inakuwa na matundu. Kwa uwanda wa Rujewa na Ubaruku fremu ya hapa inaweza kufaa. Kwa mteremko wowote, hapana, mpaka mchomeleaji amejua kufunga breki za diski zilizonyooka.

Mnapoagiza, tieni kwenye kasha hilo hilo: makapi mawili, waya za breki na gia za mita 3 na nusu jozi mbili, vipande vya breki za diski jozi nne, viungio vya mnyororo sita, sikio la akiba la kihamisha mnyororo cha nyuma, na spoki kumi za kila urefu. Matairi na tyubu za 406 na 559 msiagize, zipo Mwanjelwa.

Mafundi baiskeli,
Mwanjelwa, Mbeya